Maziwa ya moto yaliyowahi kuganda: uchambuzi wa kisa cha Erasto Mpemba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza iliyokuwa na maziwa baridi ya mwenzake. Ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu, aliambiwa kwamba amechanganya mambo, jambo hilo haliwezekani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya kijana aliyewashinda wakubwa. Sisi kinatuvutia kwa jambo jingine. Karibu kila mtu mwenye elimu aliyemsikiliza Erasto aliamini kwamba amekosea, na wote walikuwa na sababu nzuri za kuamini hivyo. Hata hivyo mmoja alikwenda kupima, na wengine hawakwenda. Tofauti kati yao ndiyo tunayoitafuta hapa.

Mambo yalivyokwenda

Wanafunzi wa Magamba walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Maziwa huchemshwa, huchanganywa na sukari, huachwa yapoe mpaka yakaribie joto la chumba, kisha huingizwa kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombaniwa. Siku hiyo mwenzake mmoja alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, akayaweka moja kwa moja ili awahi. Erasto alikuwa ameshachemsha ya kwake, akaona kwamba akisubiri yapoe atakosa nafasi. Akayaingiza yakiwa ya moto, huku akijua kwamba anaweza kuiharibu friza. Baada ya saa moja na nusu hivi ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yakiwa bado majimaji mazito.

Wakati wa likizo alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, kwa sababu huganda upesi. Erasto akagundua kwamba wauza aiskrimu wengine wa Tanga nao hufanya hivyo.

Baadaye Erasto alijiunga na shule ya Mkwawa, Iringa. Darasa lilipofika kwenye kanuni ya Newton ya upoaji, inayosema kwamba kitu hupoa upesi zaidi kadiri joto lake linavyozidi la mazingira yake, akauliza tena swali lake. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo, akikosea hesabu, wenzake walimwambia kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja alipata nafasi kwenye maabara ya biolojia, akachukua bika (vyombo vya maabara) mbili za sentimita za ujazo 50, moja yenye maji ya bomba na nyingine yenye maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Ndipo alipofika mgeni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Erasto akauliza mbele ya wote: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikitiwa kwenye friza kilichoanza na 100 huganda kwanza, kwa nini? Osborne alimuuliza kama kweli amelijaribu. Alipojibiwa ndiyo, akasema hajui, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Wenzake Erasto waliona aibu, wakamwambia amewafedhehesha kwa swali la kipuuzi.

Mwaka 1969 Erasto Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Erasto alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Katika makala hiyo Osborne anakiri wazi kwamba alidhani kijana amekosea.

Hoja ya mwalimu, na pale ilipojificha dosari

Tumtendee haki mwalimu wa Mkwawa. Hoja yake ilikuwa nzito. Maji ya nyuzi 90 hayawezi kufika sifuri bila kupita kwenye nyuzi 35. Yakifika hapo, yatahitaji muda uleule ambao maji yaliyoanza na 35 yalihitaji. Kwa hiyo ya moto yana safari ile ile pamoja na kipande cha ziada. Ni sawa na mtu anayekuambia kwamba basi lililotoka Arusha lilifika Dar es Salaam kabla ya lile lililoondoka Moshi saa ile ile, kwa mwendo ule ule. Ungemwambia aangalie saa yake vizuri.

Hoja hiyo haina kosa la hesabu. Ina dhana moja ambayo haikutajwa: kwamba hali ya maji inaelezwa yote na namba moja, yaani joto lake. Ikiwa hivyo ni kweli, maji yaliyoshuka kutoka 90 hadi 35 hayana tofauti yoyote na yale yaliyoanza na 35. Lakini maji yaliyokuwa ya moto yamepoteza sehemu yake kwa mvuke. Yametoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Juu yake kuna joto kuliko chini, na tofauti hiyo inayafanya yaendelee kuzunguka ndani ya chombo. Chombo chenyewe kimeyeyusha utando wa barafu kiliposimama, sasa kimegusana moja kwa moja na bamba la friza. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana kwenye kanuni iliyoandikwa ubaoni, kwa kuwa kanuni ya Newton inahusu kitu chenye joto moja kote, kinachopoa katika mazingira yasiyobadilika.

Hapa ndipo tunapoona jinsi imani ya awali inavyofanya kazi. Mwalimu alidhani analinda kanuni ya Newton. Kumbe alichokuwa akilinda ni dhana iliyo nyuma ya kanuni, ambayo hakuwahi kuichagua wala kuifikiria. Ushahidi wa Erasto haukugongana na Newton hata kidogo. Uligongana na neno «vinafanana», ambalo kila mtu alilichukulia kuwa limeshathibitishwa.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi. Jambo hili lilikuwa limeandikwa zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja wavuvi wa Pontus, nchi ya kale kando ya Bahari Nyeusi, waliomimina maji ya moto kwenye matete yao ili yashikwe na barafu upesi. Wanafalsafa Francis Bacon na Descartes, karne ya 17, nao waliligusia. Nadharia ya joto ilipopangika vizuri katika vitabu vya shule, taarifa hizo ziliachwa nje, kwa sababu hazikuwa na pa kukaa.

Ujuzi wa wauza aiskrimu wa Tanga una uzito gani?

Wapo wanaosema kwamba wauza aiskrimu walijua na wanasayansi hawakujua, basi. Hatukubaliani nao moja kwa moja, na sababu ni ya kiutendaji.

Muuza aiskrimu ana faida ambayo maabara haina: amerudia kazi ile ile mara nyingi, na akikosea anapoteza pesa. Mazoea yasiyoleta faida hayadumu kwenye biashara yenye faida ndogo. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini anachojua ni kwamba *katika friza yake, kwa mchanganyiko wake, kwa vyombo vyake*, kuingiza ukiwa wa moto kunamfaa. Neno «kuganda» kwake lina maana ya kufaa kuuzwa. Hajui kama ni joto lililosababisha, au ni kule kuchemsha kulikobadilisha maziwa, au ni chombo cha moto kuyeyusha utando wa barafu. Hata kisa cha Magamba kilikuwa na tofauti mbili kwa wakati mmoja: ya Erasto yalikuwa ya moto *na* yamechemshwa; ya mwenzake yalikuwa ya baridi *na* mabichi. Hakuna namna ya kuzitenganisha kwa kuangalia tu.

Tena, wauzaji wa mji mmoja hujifunza kwa kuangaliana. Kumi wakisema jambo moja, wahesabu kama shahidi mmoja mzoefu, si mashahidi kumi. Ila shahidi huyo yuko mbali na Erasto: kijana aliona kwanza Magamba, ndipo akasikia Tanga. Hakuona kwa sababu ya kuambiwa. Hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu ya ushahidi wake.

Hesabu ya imani

Imani inaweza kuwekewa namba, na namba zinaonyesha wazi nani alikuwa anafikiri vizuri. Zinazofuata ni za mfano, tumezichagua ili kuonyesha njia.

Tuseme mwalimu anaamini kuwa uwezekano wa jambo hili kuwa kweli ni asilimia 1, yaani 1 dhidi ya 99. Sasa aulize: kama ni kweli, kuna nafasi gani kijana aone alichokiona katika jaribio moja? Tuseme asilimia 60. Na kama si kweli, kuna nafasi gani aone hivyo kwa bahati, kwa sababu ya kona ya friza yenye baridi zaidi au maziwa tofauti? Tuseme asilimia 15. Gawanya 60 kwa 15: ushahidi huu una uzito wa 4. Imani inakuwa 4 dhidi ya 99, karibu asilimia 4. Ushuhuda wa Tanga tuupe uzito wa 5: 20 dhidi ya 99, karibu asilimia 17. Jaribio la maabara ya biolojia tulipe tena 4: 80 dhidi ya 99, karibu asilimia 45.

Mwenye mashaka zaidi, aliyeanza na 1 dhidi ya 999, kwa ushahidi huo huo anafika karibu asilimia 7. Bado haamini, na ana haki ya kutoamini. Lakini jambo lenye asilimia 7, ambalo kulipima kunahitaji bika mbili na saa moja au mbili, ni la kupimwa.

Aliyeanza na sifuri anabaki na sifuri. Zidisha sifuri kwa ushahidi wowote uutakao. Neno «haliwezekani» ndilo sifuri hiyo, na ndiyo maana jibu lile la kwanza la Magamba lilikuwa kosa hata kama Erasto angekuja kuonekana amekosea. Mwalimu hakukosea kutilia shaka. Alikosea kuchagua namba ambayo haiwezi kusogea.

Osborne alianza karibu na walipoanza walimu wengine. Kilichomtenganisha nao ni swali moja fupi: umelijaribu? Swali hilo halitaki kujua nadharia ya mtu, linauliza kazi ya mikono yake. Lazima pia tuseme kwamba kwake kukosea hakukuwa na gharama kubwa. Alikuwa mgeni, ana maabara na msaidizi, hana mtihani wa kuwaandalia vijana wale. Mwalimu wa darasa alikuwa na silabasi ya kumaliza na heshima ya kulinda mbele ya darasa zima. Anayetaka walimu wawe wasikivu aanzie hapo: apunguze gharama ya mwalimu kusema «sijui, tutapima».

Fundi wa maabara

Sehemu ya kisa hiki inayotugusa zaidi haikutokea Iringa. Ilitokea Dar es Salaam. Osborne alimwomba fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Huyu hakukataa kupima. Alipima kwa uaminifu, akatoa taarifa ya kweli. Tatizo ni kanuni yake ya kuacha: jaribio litakwisha pale litakapokubaliana naye. Kwa kanuni hiyo hakuna ushahidi unaoweza kushinda, kwa sababu matokeo kinyume yanaitwa hitilafu na matokeo ya kukubaliana yanaitwa jibu. Katika maabara za shule tunaliona kosa hili kila muhula: mwanafunzi anayepima mchapuko wa mvutano wa dunia akipata 9.8, namba ya kitabuni, haangalii tena vifaa vyake, akipata 8.6 anakagua kila kitu mpaka ipatikane sababu ya kuifuta. Ukaguzi ni mzuri. Ukaguzi wa upande mmoja unageuza vipimo kuwa mwangwi wa kitabu.

Walichopata, na yaliyofuata

Osborne na wenzake walitumia mililita 70 za maji katika bika za mililita 100, zikiwa zimekaa juu ya kipande cha povu la plastiki ndani ya sehemu ya kugandishia. Povu hilo ni muhimu: linazuia chombo cha moto kuyeyusha utando na kugusana na bamba. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanza karibu na 90 yalichukua muda mfupi zaidi sana. Waliona kuwa upungufu wa maji kwa mvuke hautoshi kueleza tofauti, wala hewa iliyoyeyuka. Walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, dalili kwamba joto jingi hupotea kupitia uso wa juu.

Mwaka huo huo wa 1969, mwanasayansi George Kell wa Kanada, bila kujua habari za Erasto, naye aliandika kuhusu jambo hili. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, kikapokea zaidi ya majibu 22,000. Wingi huo wenyewe unaonyesha kwamba maelezo moja yanayokubalika hayakuwepo.

Kisha kisa kikageuka. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wakapitia pia vipimo vya wengine, wakasema hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kuzalisha matokeo ya uongo. Upande wa pili, mwaka 2017 wanafizikia Lu na Raz walitoa nadharia inayoonyesha namna mfumo wa moto unavyoweza kuupita wa baridi, na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, Kanada, waliuonyesha wazi kwa chembe ndogo sana iliyoongozwa na mwanga wa leza ndani ya maji. Hiyo si aiskrimu, lakini inavunja ile dhana kwamba *lazima* wa moto uwe wa mwisho.

Kwa hiyo leo kuna imani ya awali mpya, na tunaikuta hasa kwetu Afrika Mashariki: kwamba jambo hili limethibitishwa kwa maji yote, na anayelihoji anamdharau Mtanzania. Taarifa ya Burridge na Linden inapokelewa na watu hao kama fizikia ya Mpemba ilivyopokelewa Mkwawa. Tunampenda Erasto Mpemba na tunaona fahari juu yake. Ndiyo maana tunataka swali lake liendelee kupimwa.

Kulipima darasani

Tumia bika mbili za kioo kinachostahimili moto. Vikombe vya plastiki hulegea kwa maji ya nyuzi 90, na glasi ya kawaida inaweza kupasuka. Chemsha maji yote kwanza, kisha acha nusu yapoe mpaka 25. Hivyo unaondoa tofauti ya kuchemshwa na kutochemshwa. Pima kwa mizani gramu 70 kila bika, si kwa kukadiria kwa jicho. Weka povu chini ya zote mbili. Pima tena uzito mwishoni ili ujue kiasi kilichopotea kwa mvuke.

Amua kabla ya kuanza maana ya «kuganda»: barafu ya kwanza kuonekana, kipimajoto kufika sifuri, au kuganda kote. Ni mambo matatu tofauti, na yanaweza kutoa washindi tofauti. Maji safi katika chombo safi yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha yakaganda ghafla. Kwa hiyo barafu ya kwanza hubadilika sana kutoka raundi hadi raundi. Funga vipimajoto kwenye kina kile kile kabisa.

Bika mbili zikikaa pamoja, ya moto huipasha ya baridi. Zikiwekwa kwa nyakati tofauti, mashine ya friza itakuwa imewaka na kuzimika tofauti. Fanya raundi 5 kwa namna moja na 5 kwa nyingine, ukibadilisha pande kila raundi, kwa sababu friza za nyumbani zina upande wenye baridi zaidi.

Kila aliyepo, mwalimu akiwemo, aandike karatasini kabla ya raundi ya kwanza: anaamini kwa asilimia ngapi kwamba ya moto itatangulia, na ushindi wa raundi ngapi kati ya 10 utamfanya abadili namba yake, kupanda au kushuka. Sifuri na 100 zisikubaliwe. Sababu za kufuta raundi nazo ziandikwe mapema: umeme kukatika, mlango kufunguliwa, bika kumwagika. Raundi isiyo na sababu hizo haifutwi, hata matokeo yake yakimshangaza kila mtu. Na iliyofutwa inabaki kwenye daftari pamoja na saa na sababu yake.